Mfadhili anaondoka Desemba: tulifungeje shirika letu?

SWALI: Mimi ni katibu wa shirika dogo hapa Chamwino, Dodoma, lililosajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali mwaka 2012. Mfadhili wetu pekee ameandika kwamba mkataba ukiisha tarehe 31 Desemba hataongeza mwingine. Tuna wafanyakazi watatu (mratibu, dereva na mlinzi), gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi, pikipiki mbili, kisima kirefu chenye pampu ya sola kijijini, wanafunzi 38 wa sekondari tunaowahudumia na vikundi sita vya mbuzi wa maziwa. Benki kuna shilingi milioni 46. Wajumbe wamegawanyika: wengine wanasema tunyamaze lijifie, wengine wanasema tugawane vitu kwa sababu tumejitolea bila mshahara miaka yote. Tunafungaje bila kuacha madeni na lawama?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na hao wa kunyamaza. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 halijifii. Kisheria ni mtu. Maadamu cheti kipo, Msajili anadai taarifa ya mwaka na ada yake, TRA (mamlaka ya mapato) inadai ritani, yaani taarifa ya kodi, hata kama hamkuingiza senti, na majina yenu viongozi yanabaki kwenye kumbukumbu. Ritani ya sifuri isiyopelekwa nayo ina adhabu, na adhabu hiyo hukua mwezi kwa mwezi wakati ninyi mnadhani mambo yameisha. Wapo pia wanaosema, ngoja cheti kiishe muda wake wenyewe, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2019 yamekifanya kuwa cha miaka kumi. Cheti kuisha muda hakulipi deni la mtu, hakuhamishi kadi ya gari wala hakufungi akaunti ya benki.

Hao wa kugawana nao wana uchungu unaoeleweka, ila sheria inalitambua shirika lenu kama lisilogawana faida, na karibu kila katiba iliyopita kwa Msajili ina kifungu kinachosema likivunjwa mali iende kwa shirika lenye malengo yanayofanana. Kitafuteni kifungu hicho leo, kiko kurasa za mwisho. Pikipiki ikienda nyumbani kwa mjumbe kama "asante", hiyo ni mali ya hisani imechepuka, na aliyetia saini ndiye atakayeulizwa. Kuna tofauti moja ambayo watu huichanganya. Mjumbe aliyetoa fedha zake mfukoni kulipia dizeli au matengenezo, akawa na risiti na maandishi kwamba atarudishiwa, huyo ni mdai kama wadai wengine na alipwe. Mjumbe aliyejitolea muda wake hana deni la kudai. Akiitaka pikipiki, ainunue kwa bei ya mthamini, kwa tangazo ambalo wengine pia wameliona, na asiwemo kwenye kikao kinachoamua.

Sasa kazi yenyewe. Jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ni kwamba kufunga kunagharimu fedha, na fedha hiyo hutengwa kwanza, kabla ya kupanga shughuli za miezi iliyobaki. Mashirika mengi hufanya kinyume. Yanaendesha mradi kwa kasi ileile hadi siku ya mwisho, Januari yanakuta benki kuna laki tatu, na hapo ndipo yanapokumbuka mkaguzi, stahili za dereva na kodi ya zuio iliyopaswa kukatwa kwenye pango. Hawakuiba, ila aliyewakuta na madeni haoni tofauti.

Kwa hiyo igaweni ile milioni 46 mafungu mawili kwenye karatasi. Fungu la kwanza ni fedha za mfadhili zilizotolewa kwa kazi maalumu. Hizo si zenu, na zisipotumika kwa kazi hiyo zinarudi kwake au zinakwenda anakoelekeza kwa maandishi. Fungu la pili ni fedha huru: michango, ada za wanachama, mapato madogomadogo. Mara nyingi mkishagawa hivyo, fungu la pili ni dogo kuliko mlivyodhani.

Hapo barua moja inaweza kuwaokoa, nayo iende mwezi huu. Mwombeni mfadhili ruhusa ya kutumia sehemu ya salio kulipia gharama za kufunga: ukaguzi wa mwisho, stahili za wafanyakazi, makabidhiano ya kisima, usafiri wa kamati, utunzaji wa nyaraka. Wafadhili wengi hukubali, lakini gharama ikifanyika baada ya mkataba kuisha huwa haitambuliki tena, hata ikiwa ya haki kabisa. Msimwandikie "tunaomba msaada wa kufunga". Mpeni jedwali lenye kiasi, tarehe na sababu ya kila mstari. Tena ombeni miezi miwili au mitatu ya nyongeza bila fedha mpya, ili mkataba ufike Machi wakati shughuli zimekoma Desemba. Miezi hiyo ndiyo mtakayokaguliwa na kukabidhi.

Gharama ya mkaguzi msiikadirie kwa kubuni. Chukueni bei kwa wakaguzi wawili watatu waliosajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), na waambieni wazi kuwa ni ukaguzi wa kufunga, maana kazi yake ni kubwa kidogo kuliko ya mwaka wa kawaida. Malipo yake yaonyeshwe kwenye hesabu kama deni ambalo bado halijalipwa. Vinginevyo mtafunga vitabu, kisha mtashindwa kumlipa aliyevifunga.

KALENDA YA DODOMA HAIFANANI NA YA MFADHILI

Tarehe 31 Desemba ni nzuri kwa mfadhili. Kwa familia za ukanda wetu ni tarehe mbaya kuliko zote. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno ya mtama, uwele na alizeti yanakuja Mei na Juni. Januari hadi Machi ghala liko karibu tupu, watu wanalima wakiwa na njaa, na ndipo shule zinapofunguliwa zikitaka sare, madaftari, godoro na mchango wa chakula. Mkiwaambia wazazi Desemba kwamba msaada umekwisha, mmewaambia wakati hawana cha kuuza. Mkiwaambia sasa Julai, debe la alizeti bado lipo ndani, na mzazi anaweza kuamua kutouza mbuzi wa mwisho.

Kwa hao wanafunzi 38, andikeni jina na mwaka wa kila mmoja alipofika. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne haipo katika shule za serikali tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita iliondolewa baadaye, kwa hiyo mnacholipia ninyi ni vile vingine: hosteli, chakula, sare, nauli. Walioko kidato cha nne watamaliza mtihani Novemba, hao mnawafikisha. Wa kidato cha tatu wamebakiza mwaka mmoja, na hapo mwombeni mfadhili aruhusu mlipe hosteli na chakula cha mwaka huo mapema, moja kwa moja shuleni, kwa risiti ya shule na orodha ya majina. Wa kidato cha kwanza na cha pili ndio watakaoumia, na hakuna maneno matamu ya kufunika hilo. Wapelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wakiwa na faili fupi la ukurasa mmoja kila mmoja, kwa ridhaa ya mzazi, na angalieni kama kaya yake imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Kumkabidhi mzazi fedha taslimu "ya mwaka mzima" kunaonekana ni huruma, lakini fedha hiyo huingia kwenye njaa ya Februari, na si haki kumlaumu.

Kalenda ya pili ni ya halmashauri. Mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa miezi mingi kabla. Kitu chochote mnachotaka halmashauri ikibebe, kiwe mchango wa chakula shuleni au posho ya mhudumu, lazima kiingie kwenye maandalizi yale. Mkienda Mei na barua nzuri mtapokewa kwa heshima na kuambiwa hakuna kifungu cha bajeti. Pelekeni barua sasa kwa mkurugenzi mtendaji, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Hata hapo kutabaki pengo la Januari hadi Juni ambalo halmashauri haina fedha zake, na pengo hilo ndilo mlipangie kutoka kwenye salio.

WAFANYAKAZI

Waambieni kabla ya kijiji. Habari za shirika kufungwa hupanda daladala haraka, na dereva asisikie kituoni kwamba hana kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inataka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa ya kusudio mapema anapoanza kulifikiria, awape taarifa za kuwawezesha kujadili, kisha ashauriane nao: sababu, njia za kupunguza madhara, lini, na malipo gani. Mashauriano hayo yafanyike hata kama jibu linajulikana, na yaandikiwe muhtasari unaosainiwa. Wasipokubaliana nanyi, suala linakwenda kusuluhishwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiruka hatua hii, hata ukilipa vizuri, Tume inaweza kuona utaratibu ulivunjwa na kuwaamuru mlipe fidia kutoka kwenye fedha ambazo mlishazigawa.

Chukulieni mfano wa dereva wenu. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000, anafanya kazi siku sita kwa wiki, na ametumikia miaka 11 na miezi mitatu. Kwa jedwali la sheria, siku moja inapatikana kwa kugawa mshahara kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki, yaani 26 kwa anayefanya siku sita. 520,000 gawa kwa 26 ni 20,000. Kiinua mgongo ni angalau siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na ukomo ni miaka kumi. Kwa hiyo 20,000 mara 7 mara 10 ni shilingi 1,400,000, na ule mwaka wa 11 hauhesabiwi. Mlinzi wa 312,000 aliyekaa miaka mitatu na miezi tisa: siku yake ni 12,000, wiki 84,000, mara miaka mitatu iliyokamilika ni 252,000. Miezi tisa haimpi kitu hapa, ingawa hakuna sheria inayowazuia kumwongezea kama mfadhili ameridhia. Mtu wa siku tano kwa wiki anagawiwa kwa 21.67, hivyo siku yake inakuwa kubwa kidogo, na wahasibu wengi husahau hapo.

Juu ya kiinua mgongo kuna mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi (au malipo yake kama hamkuitoa), na hati ya utumishi. Kama mratibu mlimwajiri mkoa mwingine mkamleta hapa, mnadaiwa nauli yake na mizigo yake hadi alikoajiriwa, na mkichelewesha usafiri huo mnadaiwa pia fedha za kujikimu hadi asafiri. Wapeni notisi mwishoni mwa Novemba ili muda wake uishe ndani ya Desemba, na wapangieni likizo zao kati ya sasa na hapo. Kila siku ya likizo inayochukuliwa ni siku isiyodaiwa mwishoni.

Kama mikataba yao ni ya muda maalumu na inaisha tarehe ileile 31 Desemba, hali ni nyepesi kidogo, kwa kuwa mkataba unaokoma kwa kufika tarehe yake si sawa na kupunguzwa kazini. Lakini mkiwa mmeihuisha kila mwaka kwa miaka minane bila hata kuzungumza, mfanyakazi anaweza kudai alikuwa na matarajio ya haki kwamba itahuishwa tena. Barua ya mapema inayosema haitahuishwa, na kwa nini, ndiyo kinga yenu.

Kuna mtego mwingine ambao viongozi huuingia kwa nia njema: kuwaomba wafanyakazi waandike barua za kujiuzulu "ili mambo yaende haraka". Aliyejiuzulu amepoteza kiinua mgongo, na akienda NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kudai fao la kukosa ajira, barua yake mwenyewe inamhukumu. Barua ya mwajiri iseme waziwazi kwamba ajira imekoma kwa sababu za uendeshaji. Na kabla ya hiyo barua, pateni taarifa ya michango ya kila mmoja kutoka NSSF muilinganishe na malipo yenu mwezi kwa mwezi tangu mwanzo. Mwezi mmoja uliorukwa mwaka 2016 unaweza kuzuia mafao ya mtu leo, na mkishafunga hakutakuwa na mwajiri wa kuurekebisha.

GARI, KISIMA NA MBUZI

Gari la msamaha wa kodi si mali ya kuuza tu kama pikipiki. Msamaha ulitolewa kwa shirika na kwa matumizi yaliyotajwa. Likibadilisha mikono, kodi iliyosamehewa inaamka. Njia ni tatu: kulihamishia kwa taasisi nyingine inayostahili msamaha, kwa kibali cha TRA kabla ya kukabidhi, kuliuza na kulipa kodi itakayokadiriwa kwa thamani ya sasa, au kulirudisha kwa mfadhili au mradi wake mwingine kama mkataba unataka hivyo. Tafuteni kwanza barua ya msamaha na mkataba wa mfadhili, kwa sababu pengine gari hilo halikuwa lenu tangu mwanzo. Mkiamua kuliuza, pateni makadirio ya kodi kwanza. Kuna magari ya zamani ambayo kodi na matengenezo vinakula karibu bei yote, na hapo kulihamisha kwa shirika lingine ni busara zaidi. Msimkabidhi mtu funguo kwa karatasi ya kuuziana huku kadi ikibaki kwa jina la shirika. Faini za barabarani, na mungu apishe mbali ajali, vitakuja kwa jina lenu.

Kisima ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote mlivyo navyo, na ndicho rahisi kuharibika kwa makabidhiano ya kupeana mikono na kupiga picha. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, maji vijijini yako chini ya RUWASA (wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini), na anayeendesha skimu ni chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, kile watu wanachokiita CBWSO. Makabidhiano yawe ya pande tatu au nne: ninyi, RUWASA wilaya, chombo cha watumia maji na serikali ya kijiji, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuelezwa na kuandika muhtasari.

Kinachokabidhiwa si funguo tu. Siku pampu itakapokufa, mafundi watakuja na winchi na kuuliza swali moja: imeshuka mita ngapi? Kama hakuna karatasi, watavuta bomba baada ya bomba bila kujua mwisho, na pengine wataleta pampu mpya isiyolingana na kina wala na paneli. Kwa hiyo ndani ya faili la kisima muwe na ripoti ya uchimbaji (kina cha shimo, kiwango cha maji yanapotulia, lita kwa saa), kina ilipowekwa pampu, aina na namba yake, idadi na wati za paneli, mchoro wa nyaya hadi kwenye kidhibiti, matokeo ya vipimo vya maji, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na daftari la mapato ya maji likiwa limefungwa na kusainiwa. Vipimo vikiwa vya zamani, pimeni upya kabla ya kukabidhi. Maji ya ardhini ya ukanda huu wa kati huwa na chumvi, na sehemu nyingine floridi, na anayepokea ana haki ya kujua anapokea nini. Nakala moja ya faili ibaki ofisi ya kijiji, nyingine RUWASA. Kisha mtunza pampu alipwe kutoka kwenye fedha za maji kuanzia Oktoba, wakati ninyi bado mpo na mnaweza kuona kama makusanyo yanatosha. Bei ya ndoo ikiwa haitoshi kulipa mlinzi wa paneli, ijulikane Oktoba, siyo Februari.

Mbuzi ni jambo la siku mbili. Kama mlikuwa mnafanya kopa mbuzi lipa mbuzi, kila kikundi kina watoto wa mbuzi wanaodaiwa na shirika. Orodhesheni nani anadaiwa, kisha mkutano wenu uazimie kwamba deni hilo linahamia kwa kikundi chenyewe na si kwa mtu yeyote, na afisa mifugo wa kata asaini kama shahidi. Msipoandika, mtu mmoja mwenye sauti atazunguka kijiji akikusanya mbuzi kwa jina la shirika lililokufa.

MKUTANO NA KARATASI

Haya yote yanahitaji uamuzi halali. Kamati tendaji haiwezi kulivunja shirika, ni mkutano mkuu, kwa siku za taarifa, akidi na kura zilizotajwa kwenye katiba, ambazo mara nyingi ni theluthi mbili. Mkiwa na wanachama waliofariki au kuhama, sahihisheni kwanza daftari la wanachama kwa kufuata katiba. Ajenda iandikwe "kuvunjwa kwa shirika", isifichwe kwenye mengineyo, la sivyo mwenye kinyongo ataupinga mkutano mzima. Azimio nalo liwe na meno. Kwa mfano:

"Mkutano Mkuu uliofanyika tarehe …, ukiwa na wanachama … kati ya …, umeazimia kwa kura … kwamba shughuli za shirika zikome tarehe 31 Desemba, kwamba Kamati ya Ufungaji ya watu watatu (majina) ikusanye mali, ilipe madeni na kukabidhi kilichobaki, isiingie mkataba mpya wala kuajiri, kwamba malipo yoyote yatiwe saini na wawili kati ya hao watatu, kwamba mali itakayobaki baada ya madeni iende kwa (jina la shirika), ambalo limekubali kwa barua, na kwamba nyaraka zitunzwe na (jina) hadi tarehe …"

Hilo shirika lipokeaji liangalieni kwanza: limesajiliwa, taarifa zake za mwaka ziko sawa, na linataka kweli mnachowapa. Kumpa mtu jenereta bovu ni kumhamishia gharama.

Baada ya azimio, tangazeni kwa wadai kwenye gazeti na kwenye mbao za matangazo za kata, mkiwapa siku za kutosha kuleta madai. Siku 30 zinatosha kwa shirika la ukubwa wenu. Lipeni wafanyakazi, kodi na michango ya hifadhi kabla ya wengine, kisha wauzaji na mwenye nyumba, kisha rudisheni salio la mfadhili. Mali huru zigawiwe mwisho kabisa. Angalieni pia ile asilimia 10 ya kodi ya zuio mliyotakiwa kukata kwenye pango la ofisi. Ndiyo TRA hukuta mara nyingi, kwa kuwa mashirika hudhani kutofanya biashara kumewasamehe kila kitu. Ikitokea madeni yanazidi mali, simamisheni malipo yote na mtafute wakili kabla ya kumlipa yeyote, maana kumlipa rafiki na kumwacha mwingine kutawarudia.

Kila namba ya usajili ina mlango wake wa kufungia: ya mwajiri NSSF, ya mwajiri WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), TIN, usajili wa taarifa binafsi kama mlijisajili, mita ya LUKU, laini za simu na lipa namba. Mkiwa na wadhamini waliosajiliwa RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), hao wana utaratibu wao peke yao. Akaunti ya benki iwe ya mwisho au karibu na mwisho, kwa sababu hundi ya mkaguzi na marejesho yoyote vinapita humo. Lipa namba ifungeni mapema. Ikibaki hai, watu wema wataendelea kuichangia.

Kwa Msajili bahati yenu iko karibu, ofisi ni Mtumba, na msajili msaidizi yupo halmashauri. Nendeni sasa, msisubiri Desemba, mkaulize mnadaiwa taarifa na ada za miaka gani, na mkachukue orodha ya viambatisho wanavyotaka. Kwa kawaida mtahitaji barua ya maombi, muhtasari wa mkutano na mahudhurio yenye saini, hesabu za mwisho zilizokaguliwa, orodha ya mali na ilikokwenda ikiwa na hati za makabidhiano, na cheti halisi. Angalieni pia kama mikataba yenu ya ufadhili iliyozidi shilingi milioni 20 ilipelekwa kwa Msajili kama kanuni za mwaka 2018 zilivyotaka. Kama haikupelekwa, jielezeni wenyewe kabla hamjaulizwa.

Mwisho ni majalada. Kumbukumbu za kodi zitunzwe angalau miaka mitano, kwa hiyo zinahitaji sanduku, mtu na anwani. Majalada ya wanafunzi ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 haiwaruhusu kumkabidhi kila anayeomba, na humo kuna habari za kaya, magonjwa na yatima. Kinachohitajika kwa ukaguzi kibaki, kinachomfaa mtoto apewe mzazi au afisa ustawi wa jamii kwa ridhaa, kilichobaki kichomwe mbele ya kamati na kiandikwe kwamba kimechomwa. Siyo kuuzwa kilo kwa kilo kwa wafunga vitumbua. Kompyuta zifutwe kwa programu ya kufuta kabla ya kupewa mtu, maana kubofya "futa" tu hakutoshi.

Mhuri nao uharibiwe siku hiyohiyo, kwa kuukata raba yake vipande mbele ya hao watatu, na muhtasari utaje saa na waliokuwepo.